Wa Miaka 13 Namgawa Bure

Watu husema watoto ni baraka, kisha wanaondoka bila kusema ni watoto wa umri gani. Mnadani huwezi kufanyiwa hivyo. Ukienda kununua ng'ombe unaonyeshwa ndama, mtamba, maksai wa kulimia, kila mmoja na bei yake; hakuna anayekwambia "ng'ombe ni baraka" halafu akakukabidhi kamba. Mtoto ndivyo unavyokabidhiwa. Siku anazaliwa unaletewa khanga, mche wa sabuni na sukari, majirani wanamshika kidevu wanasema kafanana na babu yake, na hongera zinaishia hapo. Sijawahi kuona mtu akirudi miaka 13 baadaye na kipande cha sabuni kuja kusema pole.

Nina haki ya kulalamika kwa sababu ninao wa kila saizi. Majina yao siyaandiki, maana wawili wanajua kusoma magazeti na mmoja anajua kununa. Wa kwanza ana miaka 27, yuko Dar es Salaam kwenye mambo yake, ambayo nikimuuliza ni mambo gani ananijibu, "Yanaenda, mzee." Wa pili ni binti, yuko chuo Dodoma. Wa tatu alimaliza kidato cha nne mwaka juzi na sasa ni mtaalamu wa kukaa kijiwe cha bodaboda bila kuwa na pikipiki. Wa nne yuko darasa la saba, na ndiye kesi yenyewe. Wa tano, kasichana, yuko darasa la pili. Juu yao wote yupo mjukuu wa miaka miwili, aliyeletwa "kwa wiki mbili tu, baba" kabla mvua za kupandia hazijaanza. Pamba sasa tunaipalilia, na mjukuu bado yupo.

Sensa ya 2012 ilifanyika huku kwetu Simiyu ikiwa ndiyo kwanza imekuwa mkoa mwaka huohuo. Matokeo yalipotoka, kaya ya Simiyu ikaonekana kuwa na wastani wa watu 6.9, wakati wastani wa taifa haukufika 5. Watu walicheka sana, wakauliza huyo mtu wa nukta tisa anafananaje. Mimi sikucheka, maana ninaye. Ni mtoto wa darasa la saba. Mwili upo, miguu ipo, tumbo lipo na linafanya kazi kuliko matumbo yote ya nyumba hii. Kilichopungua ni masikio.

Na sasa nimepata mashahidi kutoka mbali. Binti wa chuo alipokuja Krismasi alinisomea mambo kwenye simu yake, nadhani kwa nia ya kuonyesha kwamba yeye hakuwahi kuwa tatizo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Suniya Luthar na Lucia Ciciolla, walichapisha matokeo ya kuwauliza akina mama zaidi ya 2,200, wengi wao wasomi, wana hali gani: wenye vichanga, wenye watoto wa chekechea, wenye watoto wa shule, hadi wenye watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Walioonekana kuwa hoi kuliko wote ni wenye watoto wa miaka 12 hadi 14. Wenye vichanga, ambao hata usingizi hawaujui, walikuwa na nafuu kuliko hao. Wenye watoto watu wazima nao walikuwa na nafuu.

Nilimwomba binti arudie hiyo namba kwa sauti ili mama yake aisikie jikoni. Aliisikia. Akajibu kutoka hukohuko kwamba hao Wamarekani wamejisumbua, yeye angewaambia bila kulipwa. Halafu akauliza kwa nini akina baba hawakuhojiwa. Kabla sijapata la kusema akajijibu mwenyewe: "Wangewapata wapi, na wote wako kijiweni?"

Pamoja na kwamba wananitetea, mimi nina ugomvi na hao watafiti. Wao walimuuliza mzazi anajisikiaje moyoni, kama ana upweke, kama anaona maisha yake matupu. Maswali mazuri kwa mtu mwenye nafasi. Hapa kwetu Kiloleli, wilayani Busega, mzazi ukimuuliza anajisikiaje moyoni atadhani unataka kumwombea. Sisi tuna maswali mawili tu: mtoto akiitwa anakuja? Akitumwa anaenda? Ukipata majibu ya hayo mawili, utajua hali ya mzazi bila kumpima hata presha.

Kichanga, kwa mfano, hana shida na mimi, wala mimi sina shida naye. Hatumwi, na hajifanyi kwamba anaweza kutumwa. Analia kwa sababu ya njaa, au kajichafua, au tumbo. Ukishafuta mawili limebaki moja. Ukimpeleka kliniki anawekwa kwenye mzani, anachomwa sindano, anaandikwa kwenye kadi, na kadi inakwambia kabisa kama mwanao anapanda au anashuka. Nani amewahi kuona kadi ya darasa la saba? Huyu wangu nitajuaje kama anapanda?

Wa miaka miwili ni msumbufu, lakini usumbufu wake una mwisho saa mbili usiku. Juzi mjukuu kanitumbukizia tochi kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akapiga makofi, na nilipotaka kukunja uso mama watoto akanikunjia wa kwake kwanza. Mjukuu hagombezwi nyumba hii. Mimi watoto wangu nilikatazwa kuwadekeza, sasa nimeletewa wa mwenzangu nikakatazwa kumkaripia.

Umri wenyewe, ule ambao mtu akiniambia nichague mmoja niishi nao milele ningeuchagua, ni kati ya miaka 7 na 10. Haka ka darasa la pili ndiko kananifanya nionekane mbele za watu kuwa nami ni baba. Hujamaliza kuliita jina lake, kameshafika, kanahema, kamesimama kwa mguu mmoja. Unakatuma dukani: sukari robo, kiberiti, chumvi. Kanaondoka mbio kanaimba oda kasije kakasahau, "sukari robo, kiberiti, chumvi, sukari robo, kiberiti, chumvi," hadi sauti inapotelea nyuma ya nyumba ya jirani. Baada ya muda unasikia wimbo unarudi, ila umebadilika, kiberiti kimekuwa viberiti viwili, maana njiani kalikutana na wenzake wanaruka kamba. Chenji kanaifunga kwenye pindo la gauni, fundo lenyewe la kufungua kwa meno, na kanasimama palepale kanaiangalia ile hamsini hadi useme, "Haya, chukua." Hata hiyo hamsini hakaiombi. Kanaiangalia tu, kwa heshima.

Tena katika umri huo mimi ni msomi. Kaliniuliza kwa nini kiboko analala ziwani mchana kutwa halafu usiku anapanda kula mahindi ya watu. Nikasema kwa sababu ni mwizi. Kakaridhika. Kaliniuliza barabara hii ya lami inaishia wapi, nikasema Musoma, kakaenda kuwatangazia wenzake kwamba baba yake anajua mwisho wa lami. Lami haiishii Musoma, najua, lakini ni nani wa kuja kunisahihisha?

Yupo. Kaka yake.

Wa darasa la saba alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya mwembe, hajasema neno tangu asubuhi, hajaitikia jina lake mara zote alizoitwa. Lakini hilo alilisikia. Akasema, bila kufumbua macho, "Lami inaenda hadi Kenya." Basi. Akageukia upande wa pili.

Kijana wa umri huo ukimwita anaitika "Nakuja," na hilo neno kwake halina tarehe. Ukimtuma anakuuliza, "Kwani nyumba hii niko peke yangu?" Ukiangalia kweli hayuko peke yake, ila yule wa kijiweni ni mkubwa mno kutumwa kiberiti, na mjukuu ni mdogo mno, kwa hiyo kazi zote zinamwangukia yule wa darasa la pili. Mtoto wa miaka minane anaendesha kaya ya watu sita. Ipo siku atagoma, na siku hiyo nyumba hii italala bila chumvi.

Alipokuwa na miaka tisa, tulikuwa tunamkimbiza na ndoo kuzunguka zizi ili aoge. Leo anaoga asubuhi na jioni, maji aliyochota mama yake, anamaliza, halafu anapaka mafuta ya dada yake hadi kwenye magoti. Kioo chake ni kile cha pembeni cha pikipiki, sijui alikiokota wapi, amekining'iniza kwenye mwembe kwa waya, na hapo anasimama anachana nywele ambazo shule imeamuru zinyolewe. Zinachanwa nywele za urefu wa punje ya mtama! Suruali ya sare niliyomshonea ikiwa na nafasi ya kukulia miaka miwili aliipeleka kwa fundi ikabanwa. Sasa anakua, suruali haikui, na mwenye kosa ni mimi niliyenunua kitambaa kidogo.

Simu hana. Anatumia yangu. Ameiwekea mchoro wa siri wa kufungulia, eti kwa usalama wangu, kwa hiyo nikitaka kumpigia katibu wa Amcos, chama chetu cha ushirika, kuuliza habari za mbegu na dawa ni lazima kwanza nimtafute yeye, nimwite, aseme "Nakuja", nisubiri. Kuna siku nimepigiwa simu na mtu akauliza, "Samahani, mwenye simu yupo?"

Nilimkalisha chini nikamwambia kwamba hata serikali inajua habari zake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wazi kuwa mtoto naye ana wajibu: kuwaheshimu wazazi, walezi na wakubwa wake wakati wote, na kuwasaidia wanapohitaji msaada. Alinisikiliza vizuri kuliko siku zote. Akauliza, "Kifungu cha ngapi?" Nikamwambia cha 15. Akasema atakiangalia. Akanyoosha mkono nimpe simu.

Sasa wapo wazee hapa ambao ukiwasimulia haya wanatikisa kichwa na kusema enzi zao mambo hayo hayakuwepo. Mimi nawaheshimu, nawapa salamu yao ya mwadila kila jioni, lakini hapo sikubaliani nao. Baba zetu hawakupata shida ya mtoto wa miaka 13 kwa sababu hawakumwona. Alfajiri tulitoka na ng'ombe, tukarudi jua likizama. Baba alihesabu ng'ombe, si watoto. Ng'ombe wakitimia, mazungumzo yamekwisha. Jioni tuliketi shikome, kuuzunguka moto, wanaume na wavulana, tukala pamoja, na aliyetufundisha adabu hakuwa baba bali guku, yaani babu, na wazee wenzake, watu ambao hawakutununia wala hatukuweza kuwanunia. Nasikia siku hizi shikome inasifiwa kama chuo kikuu. Mimi nilihitimu pale, na kilichoniingia zaidi ni namna ya kulala nimekaa bila kuangukia motoni. Lakini ule mpango wa kumtenga baba na mwana wa umri huo kuanzia alfajiri hadi usiku, huo ulikuwa na akili. Maswali ya hao Wamarekani yangewafikia akina mama wa wakati ule, wangejibu hawana malalamiko, watoto wako malishoni.

Sisi tumewaleta nyumbani tukawapeleka shule, na shule ni kitu chema, sisemi. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016 na mimi nilishangilia kama wengine. Tatizo ada iliondoka peke yake, ikawaacha ndugu zake wote. Kuna chakula cha mchana shuleni, kuna mitihani ya majaribio, kuna kambi ya darasa la saba, na akifaulu huo mtihani wa Septemba inakuja fomu ya kujiunga, inayotaka kwanja, ndoo, reki na rimu ya karatasi, utadhani wanafungua ofisi ya kata shambani. Na vyote hivyo hudaiwa Januari. Nani aliipanga Januari? Msimu wa pamba hufunguliwa Mei. Januari pamba yangu iko chini ya goti na magugu yako juu ya goti, pesa ya mwaka jana imekuwa hadithi, na ndipo mtoto anasimama mlangoni na karatasi kutoka shule.

Kwa hiyo nikisema furaha ya mzazi inategemea umri wa mtoto, sijamaliza. Inategemea na mwezi. Hao watafiti wangekuja Juni, nimeshauza pamba, wangenikuta nampenda yule wa darasa la saba hadi wakanishangaa.

Binti aliona nimepata hamu akanisomea nyingine. Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake waliwauliza wanawake 909 wafanyakazi wa Texas jana yao ilikwendaje, jambo kwa jambo, na kila jambo liliwapa raha kiasi gani. Kulea watoto kulishindwa na kula, kukashindwa na kuangalia televisheni, kukashindwa hata na kupika. Hapo mama watoto alitoka jikoni, macho yamemwiva kwa moshi, akasimama mlangoni. "Kupika?" akasema. "Hao wanapikia gesi." Akarudi. Baadaye usiku, watoto wote wamelala, akaniambia wangewauliza wakati huo majibu yangebadilika, maana mtoto aliyelala hana mpinzani. Nilimulika tochi nikamwona yule wa darasa la saba kalala mdomo wazi, miguu imepita mwisho wa godoro, na kwa kweli alionekana kama mtu ambaye ukimtuma angeenda.

Utafiti ulioniingia sana ni wa 2011, wa Rachel Margolis na Mikko Myrskylä, ambao walikusanya takwimu za nchi 86. Waliona kwamba kwa mzazi aliye chini ya miaka 30, kila mtoto anavyoongezeka furaha inapungua. Akivuka 40 mambo yanageuka, watoto wanaanza kwenda pamoja na furaha, na hasa katika nchi ambazo mtu akizeeka anategemea familia yake. Yaani huku. Zanzibar wazee wa kuanzia miaka 70 wanapata pensheni jamii tangu 2016. Mimi mkulima wa pamba wa Busega pensheni yangu inatembea kwa miguu, nyingine imekaa kijiweni.

Kwa hesabu hiyo wa kwanza, wa miaka 27, angekuwa ndiye raha yangu. Na si mchoyo, jamani. Ananitumia elfu thelathini, halafu anapiga simu kuzieleza: kumi ni za mama, tano ni za maziwa ya mtoto, tano mpe mdogo wangu wa darasa la saba ana shida kaniambia, saba lipa deni langu kwa yule fundi baiskeli, zinazobaki ni zako, mzee. Zinazobaki ni tatu, na ya kutolea hajaweka. Mwaka jana aliamua kunifurahisha kweli, akapakia kwenye basi redio ya sola na buti za shambani, akaandika kwenye boksi: Kiloleli. Mtoto aliyezaliwa hapa! Anajua fika kuna Kiloleli ya Kishapu, kuna Kiloleli ya Ilemela kule Mwanza mjini, na kuna hii yetu. Mzigo ukashuka Mwanza. Nauli ya kuufuata, kwenda na kurudi, na chai ya njiani, imekaribia bei ya redio. Nilipompigia kumwambia umefika akafurahi sana, akasema atatuma mwingine.

Binti wa chuo yeye hatumi, anaeleza. "Baba, bumu halijatoka." Miaka mitatu sasa nafuatilia habari za Bodi ya Mikopo kwa karibu kuliko bei ya pamba. Lakini huyu nimsifu kidogo, maana naye aliwahi kuwa na miaka 13. Alituwekea mgomo wa kutosema muhula mzima kwa sababu ya nywele, akawa anawasiliana na mama yake kupitia mdogo wake. Leo ananipigia kuniuliza kama nimekunywa dawa ya presha. Mama yake anasema hiyo ndiyo dalili kwamba na huyu atapona. Mimi nasema huyu wa sasa amezidi, mwenzake alinuna lakini sahani aliosha.

Wa tatu sina la kusema. Hayumo kwenye utafiti wowote. Hakuna aliyepima furaha ya mzazi wa mtu ambaye wakati wa kula ni mtoto na wakati wa kuchangia bado hajaajiriwa.

Nirudi kwenye kugawa, maana kichwa cha habari sikukiandika kwa utani. Likizo ya Desemba mdogo wangu anayeishi Lamadi alinipigia kulalamika kuhusu wa kwake, naye ana 13, naye anasema "Nakuja". Tukakubaliana tubadilishane: wangu aende kwa baba mdogo, wake aje kwa baba mkubwa. Nilimsindikiza wangu hadi kituoni, akapanda bila kuniaga, nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Haikupita muda shemeji akapiga simu. Nikakaa chini kabla ya kupokea. Akasema, "Shemeji, huyu mtoto mmemlea." Nikamuuliza mtoto yupi. Akasema huyuhuyu: anaamka kabla hajaitwa, anafagia uwanja, anachota maji, anapiga magoti kuwaamkia wageni, "mwangaluka mayu, mwangaluka baba", hata bibi wa jirani amemwombea. Nikamwambia amwangalie vizuri, wakati mwingine watoto huchanganyana kwenye mabasi. Akaniambia anaosha vyombo. Nikataka kuzungumza naye, nikasikia kwa mbali, "Mwambie nakuja."

Na wa mdogo wangu, huku kwangu, ndiye alikuwa hivyohivyo. Unamtuma, ameshafika. Aliziba uzio wa zizi bila kuambiwa. Alimbeba mjukuu mgongoni akienda kuchota maji, akala alichopewa, akasema "Asante, mama mkubwa." Wa darasa la pili alipumzika kwa mara ya kwanza tangu aanze kutembea, nilimkuta amekaa tu, hajui afanye nini na mikono yake. Mimi na mdogo wangu tukapigiana simu usiku kama watu walioficha dhahabu. Wote tuliona jambo lilelile: tatizo si watoto, ni sisi kuwa baba zao. Tukasema tusiwaguse, wabaki walipo hadi wafikishe miaka 15, wale Wamarekani wenyewe wanasema hapo mambo hupungua makali.

Akina mama wakakataa. Mama watoto alisema hawezi kumlea wa mwenzake mwenye adabu wakati wake asiye na adabu yuko kwa watu. Sikuuelewa huo mpango lakini sikuuliza. Januari wakarudishana. Wangu alishuka kwenye basi, akamwamkia kondakta, akamwamkia muuza karanga, akamwamkia mwenyekiti wa kitongoji ambaye alikuwa amekaa upande wa pili wa barabara. Alipofika kwangu akauliza, "Kuna nini cha kula?"

Tumefikia maelewano ya nusu: kila likizo wanabadilishana, kuanzia ya Juni. Mdogo wangu kakubali, shemeji kakubali, mama watoto kakubali kwa kununa. Mwenye uamuzi wa mwisho, kama kawaida ya nyumba hii, akawa ni yeye mwenyewe. Alisikia tukizungumza, na siku hiyo masikio yalikuwepo yote. Akasema Lamadi yuko tayari kwenda hata kesho, ila hawezi kukaa kwa watu bila simu yake mwenyewe, maana baba mdogo anatumia simu ya kitochi.

Nimeanza kuuliza bei. Mwenye duka ananiambia zipo za elfu tisini, lakini kabla ya kukata shauri nataka kumpigia katibu wa Amcos nijue kama bei ya pamba mwaka huu itafidia. Nimemwita mwenye mchoro wa siri aje anifungulie simu. Kasema anakuja.